Pikipiki ya milioni 22, na tofali za Kibaha zinasubiri

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 31, nimeoa, tuna mtoto mmoja wa kike yuko chekechea. Nafanya kazi kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar. Naishi Mbezi, na kila siku nakwenda Posta na kurudi kwa Boxer 150 niliyoinunua kabla sijaoa. Tuseme ukweli, haijawahi kunilaza njiani.

Kinachoninyima usingizi ni Yamaha R6. Iko Mikocheni, ya mwaka 2011, bluu na nyeupe, imeshasajiliwa na kadi ipo. Mwenyewe alianza kuitangaza mwaka jana kwa milioni 27, akashuka mpaka 24, sasa anasema nikimpa 22 taslimu naondoka nayo. Niliijaribu mtaani kwake, nikafika kwenye kona nikarudi. Mjomba, mlio wake tu! Na ile hatari watu wanayoisema mimi sikuiona, ni laini, na ukitaka kwenda polepole inakwenda. Mimi si mrefu, nikikaa juu yake nagusa chini kwa ncha za vidole, lakini jamaa anasema mwili unazoea.

SACCOS nina milioni 14. Mke wangu anazihesabu kuwa ni za kupandisha ukuta wa nyumba yetu Kibaha. Kiwanja tulinunua pamoja, yeye alitoa nusu. Mpango wangu ni kutoa 12, nikope 10 hapohapo SACCOS, niwe nakatwa laki tatu na nusu kwa mwezi kwa miaka mitatu. Boxer nimpe mdogo wangu. Nilipomweleza mke wangu hakugomba. Alisema tu, "Ukipata hela ya pembeni nunua hata ndege, ila ya tofali usiiguse." Tangu siku hiyo tunapeana salamu na chakula basi.

Mimi naona hivi. Ni cc 600 tu, si 1000 kama za wale vichaa, kwa hiyo ni ya kuanzia. Halafu pikipiki hizi hazishuki thamani kama gari, nikiichoka nitarudisha hela yangu. Na haitakaa bure, nitakuwa naendea kazini. Tairi ya nyuma nimeulizia, laki sita na nusu na inaagizwa, lakini si mtu unabadilisha mara mojamoja? Wenzangu wenye pikipiki kubwa hutoka Jumapili alfajiri kwenda Bagamoyo, wakati mwingine Morogoro, na mimi nimechoka kuangalia picha zao kwenye simu.

Jamaa anataka jibu wiki hii. Inastahili hela hiyo au haistahili?

Mpenda Mlio, Mbezi


Marahaba, mpwa wangu.

Mwambie jamaa wa Mikocheni hapana, na umwambie mapema atafute mteja mwingine. Sikukatazi pikipiki. Nimepanda kubwa miaka mingi na najua kinachomtoa mtu kitandani saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili. Ninayokukataza ni R6 hii, kwa hela hizo, kwa kazi unayotaka kuipa.

Tuanze na hilo la "cc 600 tu", maana ndilo linalowaponza vijana wengi. Cc zinakutajia ukubwa wa injini, hazikwambii injini imetengenezwa ikafanye nini. R6 ilitoka mwaka 1999, na tangu hapo Yamaha wameinoa kwa ajili ya uwanja wa mbio. Ubingwa wa dunia wa Supersport, yaani mashindano ya pikipiki za ukubwa huo, Cal Crutchlow aliuchukua kwa R6 mwaka 2009, Chaz Davies akauchukua 2011, mwaka uleule wa hiyo unayoitaka, na Dominique Aegerter 2021 na 2022. Ulaya, baada ya 2020, Yamaha waliacha kuiuza kama pikipiki ya barabarani wakabakiza toleo la uwanjani. Hiyo ndiyo unayoiita ya kuanzia.

Na uliiona laini kwa sababu hukuiamsha. Injini yake ina silinda nne ndogo na inatafuta nguvu kwa kuzunguka sana. Chini ya mizunguko 8,000 kwa dakika ni ya kistaarabu kabisa, nusura uiite mvivu. Ikivuka 10,000 tabia inabadilika, na kilele chake kiko 14,500. Boxer yako inamaliza nguvu zake kwenye 7,500, mahali ambapo R6 ndiyo kwanza inajinyoosha. Boxer ina nguvu farasi kama 12. Hiyo ina karibu 120. Gia yake ya kwanza peke yake inavuka kilomita 100 kwa saa, na kwenye makazi sheria inakuruhusu 50, maana yake hujafika hata nusu ya gia ya kwanza na bado zimebaki tano.

Kwa hiyo kile unachokilipia milioni 22 kiko juu huko, na kati ya Mbezi na Posta hakuna mahali pa kukifikia. Bagamoyo nako hakuna: kuna vijiji, matuta, watoto wa shule, bodaboda anayekatisha bila kugeuza shingo. Uwanja wa mbio wa lami hapa nchini hatuna. Ule wa Kyalami uko Johannesburg, na hutapanda ndege kila Jumapili. Ni sawa na kununua ngalawa ya mashindano ukaenda kuishi nayo Dodoma.

Kitu kingine ambacho muuzaji hakukwambia ni breki. R6 ilianza kupewa ABS, yaani breki zinazozuia tairi isifunge, mwaka 2017, pamoja na ule mfumo unaozuia tairi ya nyuma isiteleze unapofungua mafuta. Ya 2011 haina hiki wala kile. Nawajua waendesha Boxer: wanakanyaga ya mguu kwanza, ya mkono baadaye. Kwenye R6 ukifunga breki kwa nguvu, uzito wote unakimbilia mbele na tairi ya nyuma inabaki nyepesi. Ukikanyaga kwa mazoea inafunga na kuanza kuseleleka. Ya mbele nayo inashikwa kwa vidole viwili, unaanza taratibu ndipo unaongeza. Ukiikamata kwa kiganja kizima kwa mshtuko, juu ya ule mchanga unaomwagwa na malori ya Mbezi, au dakika kumi za kwanza za mvua barabara ikiwa bado na mafuta juu yake, tairi ya mbele inafunga na wewe umeshalala chini. Na kwenye kilomita 120 kwa saa unakata mita 33 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja na nusu kumwona mwenye bajaji anayegeuza ghafla, umeshapita mita 50 hujagusa breki yoyote. Mazoea mapya ya mikono na miguu hayajengwi kwenye pikipiki isiyosamehe.

Sasa kazini. Usukani wa R6 uko chini, umefungwa kwenye shokapu, unainama mpaka kifua kinakaribia tenki. Ukiwa kwenye mwendo upepo unakubeba kifua. Kwenye foleni ya Kimara hakuna upepo, uzito wote unakaa kwenye viganja, na ukifika Posta vidole vina ganzi. Usukani haukati kona fupi, kwa hiyo ile kupenya kati ya magari unayoifanya kwa Boxer bila kufikiri isahau. Saitimira zinakuonesha viwiko vyako. Rejeta inachemka, feni inaunguruma, joto lote linakupiga kwenye mapaja, na mwezi wa Februari unaujua ulivyo Dar. Kiti kiko milimita 850 kutoka chini. Pikipiki yenye kilo karibu 190 ikianza kuegemea upande kwenye taa za Magomeni, na mguu wako unagusa lami kwa ncha ya vidole, haikusubiri uzoee. Tumbo lake nalo liko milimita 130 tu juu ya ardhi. Matuta yetu mengine yalijengwa na mtu mwenye hasira. Kava la chini likipasuka, hilo nalo "linaagizwa".

Tupige hesabu kwa namba zako mwenyewe. Mbezi hadi Posta kwenda na kurudi ni kilomita 45 hivi, kwa siku za kazi za mwezi ni kama kilomita 1,100. Boxer inakula lita 25 hapo. R6 inakwenda kilomita 15 hadi 18 kwa lita, kwa hiyo andaa lita 65. Tairi za nyuma za pikipiki hizi ni laini ili zishike barabara, na nyingi zinakwisha kati ya kilomita 5,000 na 8,000. Kwa safari zako hiyo ni miezi mitano mpaka saba. Yaani ile laki sita na nusu uliyoiita ya mara mojamoja utaitafuta karibu mara mbili kila mwaka, na bado ya mbele, cheni, sproketi, pedi za breki. Valvu zinatakiwa kukaguliwa kila kilomita 40,000. Ni kazi ya kuvua tenki na boksi la hewa na kupima kwa vipimo vyembamba kuliko ukucha, na si kila fundi anayekutengenezea Boxer ana vipimo hivyo. Hukuniambia imetembea kilomita ngapi. Nadhani hata hukuuliza.

Mkopo je? Laki tatu na nusu kwa miezi 36 ni milioni 12.6. Umekopa 10, kwa hiyo pikipiki ya 22 imekuwa ya 24.6. Baada ya kutoa 12, akiba inabaki milioni 2, na kabla hujatembea nayo hata kilomita moja kuna kubadilisha jina la kadi TRA, kuna bima, kuna tairi kama zilizopo zimekaukia hapo, kuna kofia, jaketi, glovu na buti. Hiyo milioni 2 haitoshi. Na bima usiishie kwenye ile ndogo. Ndogo inamlipa uliyemgonga. Ukianguka mwenyewe, hasara ya pikipiki ni yako yote huku SACCOS wanaendelea kukata. Ulizia bima kubwa kabla hujalipa pikipiki yoyote ya bei hiyo, na swali la kwanza liwe kama watakubali hata kuikatia.

Kuhusu thamani kutoshuka, rudia kusoma barua yako: 27, 24, 22. Ameshindwa kuiuza tangu mwaka jana, na wewe ukitaka kuitoa utasimama palepale alipo.

Nije kwa mke wako, maana naona unamsoma kama mpinzani. Hajakataa pikipiki. Amekupa sharti moja, na sharti lake ni la haki, hasa kwa mtu aliyetoa nusu ya kiwanja. Milioni 14 hata kama ziko kwa jina lako zilishapangiwa kazi na watu wawili. Leo ukirudi nyumbani mwambie wazi kwamba hela ya tofali huigusi. Usiongeze "lakini" mwishoni.

Halafu ufanye hivi. Ile laki tatu na nusu uliyojiridhisha kwamba mshahara wako unaweza kuiachia, anza kuiweka pembeni mwezi huuhuu, akaunti ya peke yake, bila mkopo. Ndani ya miaka miwili ni milioni 8.4, na hiyo ndiyo hela ya pembeni aliyoisema mke wako. Ukishindwa kuiweka miezi minne mfululizo, basi umeshajua SACCOS wangekukata kutoka wapi.

Kwa hela hiyo angalia daraja la chini. Yamaha R3, iliyotoka 2015, ina cc 321 na silinda mbili, nguvu farasi kama 42, zaidi ya mara tatu ya Boxer yako. Kiti chake kiko milimita 780, kwa hiyo miguu yako itafika chini. Tumbo liko milimita 160 juu ya ardhi, inavuka matuta mengi bila kukwaruza. Kawasaki Ninja 400 ya kuanzia 2018 ni ya kundi hilohilo, ina nguvu kidogo zaidi, na ukipata yenye ABS usiiache. Hizi ukizifungua mpaka mwisho wa gia bado uko kwenye mwendo ambao akili yako inaufuata, na ndiyo maana mtu anajifunza kweli juu yake. Japani pia zimejaa za cc 250 na 400, kwa sababu leseni yao ya kati inaishia cc 400, na za mpaka 250 hazilazimiki kupita ule ukaguzi wao wa shaken, hivyo watu wengi wanazinunua na kuziuza. Kukadiria ushuru na gharama za bandarini sitakufundisha, hiyo kazi unaifanya kila siku kwa mali za watu. Leseni yako tu hakikisha ni daraja A, si A1.

Kofia nunua sasa, usisubiri pikipiki. Hizo zinazoning'inizwa kwenye bodaboda ni za kumridhisha trafiki. Tafuta yenye alama ya herufi E ndani ya duara, na karatasi iliyoshonwa kwenye mkanda yenye namba inayoanza na 05 au 06, yaani kiwango cha 22.05 au 22.06. Tafiti zilizojumlishwa kutoka nchi nyingi zilionesha kwamba kofia inapunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69, na Boxer inaangusha vilevile. Jumapili moja waombe hao wenzako uende nao Bagamoyo na Boxer yako. Wakistaarabika watakusubiri Bunju. Wasipokusubiri, umejua mapema wanaendeshaje.

Sitaki uniandike kwamba nachukia R6. Yupo mtu inayemfaa: nyumba ameshaezeka, ya kwenda kazini anayo nyingine, anailipia taslimu, na ameshapitia moja mbili ndogo. Huyo akitaka kuinunua kwa ajili ya mlio tu, Jumapili mbili kwa mwezi, mimi nitakwenda naye kuikagua. Pengine baada ya miaka sita mtu huyo ni wewe.

Na siku ukienda kukagua yoyote ya mtumba, iwe R3 au nyingine, usianze kwa kukaa juu yake. Chuchumaa. Kwenye ubavu wa tairi tafuta tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT: 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Tairi yenye miaka sita imeshakuwa ngumu hata kama kashata zake zote zipo, ihesabu kama hela ya kutoa kwenye bei. Angalia ncha za usukani, za breki na klachi, na za pa kuwekea miguu. Zikiwa zimesagika upande mmoja, ililala upande huo. Geuza usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, uchungulie vile vijino vya chuma kwenye fremu vinavyouzuia. Vikiwa vimebonyea, iligonga kwa mbele, usibishane na mtu, ondoka. Pitisha kidole kwenye mabomba ya shokapu za mbele uone kama kinarudi na oili. Vuta cheni kwa nyuma ya sproketi, ikiachia mpaka uone meno, imekwisha. Namba ya chesisi ilingane na kadi, na jina kwenye kadi liwe la huyo anayepokea hela. Mwambie mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla hata ya salamu kwisha, weka kiganja kwenye injini, na ukikuta ina joto mwambie utarudi kesho.